Taa ipi kwa maua ya ndani na ya kitaluni? LED nyeupe, LED ya zambarau, sodiamu na tyubu zikilinganishwa kwa stomata za majani

Kuanzia Juni, mawingu yakishaukalia Meru, nyumba nyingi za Arusha zinakuwa na mwanga hafifu toka asubuhi mpaka jioni, na hapo ndipo wenye maua ya ndani wanapoanza kuulizia taa. Moshi sababu ni nyingine. Jua lipo tele, ila maua yamewekwa mapokezi ya hoteli, kwenye korido za ofisi na kwenye vyumba vyenye mapazia mazito ya kukinga joto. Ukiulizia taa utatajiwa za aina nne: LED nyeupe ya kawaida, LED ya zambarau inayouzwa kama taa ya mimea, tyubu ya zamani ya gesi, na kama una kitalu nyumba unaweza kushawishiwa kununua taa ya sodiamu ya wati 400, pengine iliyokwisha kutumika.

Muuzaji atakueleza wati, bei na kasi ya ukuaji. Mara chache sana atakueleza habari za stomata, yaani vile vitundu vidogo, vingi vikiwa upande wa chini wa jani, ambavyo mmea huingizia hewa ya ukaa na kutolea mvuke. Mimi naona hapo ndipo pa kuamulia. Ua lililonunuliwa likiwa limenawiri likalegea wiki hiyo hiyo sebuleni, au waridi lililoinamisha shingo kwenye chombo siku ya pili, mara nyingi halikukosa mwanga. Lilikulia mahali ambapo stomata hazikuwa na sababu ya kujifunza kufunga. Na katika hilo, saa unayozima taa ina uzito sawa na aina ya taa uliyoinunua.

Kitundu kinavyofunguka na kufunga

Kila kitundu kimezungukwa na seli mbili. Zikijaa maji zinatanuka na kupinda, mfano wa mipira miwili ya baiskeli iliyotiwa upepo huku ncha zake zimeshikana, na katikati panabaki uwazi. Zikipoteza maji zinalegea, uwazi unafumba. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayofyonzwa na mizizi huishia kutoka kama mvuke, na sehemu kubwa hupitia hapo.

Mwanga wa bluu huziamsha seli hizo moja kwa moja. Ndani yake mna protini ziitwazo fototropini zinazonasa bluu. Zikishanasa, pampu kwenye utando wa seli husukuma protoni nje, potasiamu inaingia, maji yanaifuata, na kitundu kinafunguka. Haihitajiki bluu nyingi. Kidogo tu, juu ya mwekundu uliopo tayari, kinaongeza uwazi kwa kiasi kinachopimika.

Mwanga mwekundu unapita njia ndefu zaidi. Unaendesha usanisinuru, yaani kazi ya jani ya kujitengenezea chakula kwa mwanga, usanisinuru unatumia hewa ya ukaa iliyomo ndani ya jani, na hewa hiyo ikipungua stomata zinafunguka ili nyingine iingie. Kwa hiyo mwekundu lazima uwe mwingi ndipo uone matokeo.

Vinavyofunga ni giza, hewa kavu, hewa ya ukaa ikizidi, na homoni iitwayo asidi ya absisiki ambayo mmea huitengeneza ukishikwa na kiu. Na hapa pana jambo ambalo wenye vitalu wangepaswa kulijua kuliko habari zote za wati. Jani lililokua katika hewa yenye unyevu wa asilimia 85 kwenda juu, bila giza la kutosha, linakuwa na homoni hiyo kidogo, na seli zake zinapoteza usikivu kwayo. Ukilitoa kwenda mahali pakavu linaendelea kutoa mvuke kana kwamba halijahama. Jambo hili limechunguzwa sana kwa waridi huko Norwei na Uholanzi, ambako majira ya baridi taa huwashwa kwa saa 18 au 20 kwa siku. Waridi lililowashiwa taa mfululizo, usiku na mchana, huzaa vizuri, lakini likikatwa halidumu kwenye chombo.

Kuna suala la kasi pia. Taa ikizimika ghafla, usanisinuru husimama karibu papo hapo, lakini stomata za mimea mingi huchukua dakika kumi, ishirini, hata zaidi kufumba. Katika muda huo mmea unatoa maji bila kupata chochote. Umeme ukikatika mara moja kwa siku si neno. Ukiwa wa kuwaka na kuzima mchana kutwa, mmea wa majani mapana na laini utaonyesha.

Vigezo

Nimeziangalia taa zote nne kwa mambo matano: kiasi cha bluu, joto na ukavu zinaoleta kwenye jani, urahisi wa kupanga saa za giza, mzigo kwenye LUKU, na macho, yaani kama unaweza kuuona mmea ulivyo taa ikiwa inawaka. Ukuaji sikuuweka peke yake kwa makusudi. Ukuaji unaotegemea stomata zisizojua kufunga unamnufaisha anayeuza, si anayenunua.

Kabla ya taa: mmea wako hufungua lini?

Mimea mingi ya mapambo hufungua mchana na kufunga usiku: waridi, krisanthemamu, saintpaulia ile yenye asili ya misitu ya Usambara, na masale. Masale ya Wachaga, yale yanayopandwa mipakani mwa kihamba (shamba la nyumbani) na kupelekwa kwa mtu unayemwomba msamaha, ni Dracaena fragrans, mmea unaouzwa kwenye vyungu dunia nzima kwa ajili ya maofisi. Unavumilia kivuli, unafungua mchana, hauna makuu.

Sasa chukua sansevieria, ndugu wa mkonge pori, ule wa majani marefu yaliyosimama yenye mistari. Wataalamu wa uainishaji wameuhamishia kwenye jenasi ile ile ya Dracaena, kwa hiyo kwa ukoo ni ndugu wa karibu wa masale. Lakini saa zake ni kinyume kabisa. Stomata zake hufunguka usiku, zikaingiza hewa ya ukaa inayohifadhiwa kama asidi ndani ya jani, na mchana zikafunga huku jani likiitumia akiba hiyo. Kalanchoe, mishubiri na okidi za phalaenopsis hufanya hivyo hivyo. Mimea hii ukiiwashia taa usiku kucha unaiingilia wakati wa kazi yake, na chumba kikiwa na joto usiku ndiyo kabisa. Ukiweka masale na sansevieria chini ya taa moja, saa 12 za giza zinawafaa wote wawili, kila mmoja kwa sababu yake. Hapa kwetu jua hukaa karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo hata bila taa ndiyo ratiba waliyoizoea.

LED nyeupe

*Bluu.* Ndani ya LED nyeupe kuna chanzo cha bluu kilichopakwa kemikali inayogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa njano na nyekundu. Ndiyo maana haikosi bluu kamwe. Ila boksi lisome vizuri. Iliyoandikwa 2700K au 3000K, ile ya rangi ya njano njano, ina bluu takriban sehemu moja ya kumi. Ya 6500K ina robo au zaidi kidogo. Kwa mmea unaofungua mchana, zote mbili zinatosha kuziamsha stomata. Tofauti utaiona kwenye umbo: ukiwa kwenye mwanga wa 6500K mmea unakuwa mfupi na mnene, kwenye wa 3000K unanyooka zaidi.

*Joto na ukavu.* LED huachia joto lake nyuma, kwenye kitako, halielekei kwenye jani. Unaweza kuiweka tyubu ya LED sentimita 20 au 30 juu ya majani bila kuyachoma. Jani likiwa la baridi kiasi, mvuke nao unatoka kwa kiasi. Kwa Moshi, ambako Januari na Februari joto la mchana linavuka nyuzi 30, hii si faida ndogo.

*Giza.* Inawaka na kuzima papo hapo, na inafanya kazi na taima yoyote ya kuchomeka ukutani. Tahadhari moja: taima ya kuzungusha isiyo na betri husimama umeme ukikatika. Ukikatika kwa muda wa saa mbili leo na wa saa tatu keshokutwa, baada ya muda taa yako inawaka saa sita usiku na wewe umelala. Nunua yenye betri ndani, au uwe na mazoea ya kuirekebisha kila umeme unaporudi.

*Umeme.* Tyubu ya LED ya wati 18 ikiwaka saa 12 kwa siku inakula takriban uniti 6 na nusu kwa mwezi. Haitikisi nyumba.

*Macho.* Hapa haina mpinzani. Unaona rangi halisi ya jani, unaona utitiri na utando wake, unaona ukungu unapoanza. Na sebule inabaki sebule.

Udhaifu wake ni nguvu. Balbu ya wati 9 iliyoko darini, mita mbili na nusu juu ya chungu, ni mwanga wa binadamu. Nje saa sita mchana mwanga unaweza kufika luksi 100,000. Ofisi yenye taa nzuri ina 300 hadi 500, na jicho halikuonyeshi pengo hilo kwa sababu linajirekebisha. Chini ya luksi 500 stomata zinafunguka kidogo, na masale yataishi, lakini waridi la chungu litapukutisha.

Inamfaa mwenye maua ya nyumbani, hoteli, ofisi, duka la maua, na hata kitalu kidogo cha vipandikizi.

LED ya zambarau

*Bluu.* Ile rangi ya zambarau ni bluu ya kama nanomita 450 ikichanganywa na nyekundu ya kama 660. Ndiyo mwanga unaolenga moja kwa moja mambo mawili yanayofungua stomata: fototropini kwa bluu, usanisinuru kwa mwekundu.  Kwa karatasi ni taa bora kuliko zote hapa. Shida ni kwamba za bei rahisi hutofautiana mno. Hesabu vidude vyake kabla hujalipa. Ikiwa vyekundu ni vingi sana na vya bluu vinahesabika kwa vidole, unaikaribia taa nyekundu tupu, na mimea iliyokuzwa chini ya mwekundu tupu huwa na stomata zinazofunguka kidogo na, kwa baadhi ya mimea, majani yaliyojikunja. Bluu ikifika sehemu moja au mbili ya kumi, matatizo hayo kwa kawaida huondoka.

*Joto na ukavu.* Kama LED nyeupe, jani halipati joto jingi. Lakini stomata zimeamshwa vizuri, na chungu kinakauka haraka kuliko mtu anavyotegemea akiitazama taa ambayo kwa jicho inaonekana hafifu. Watu wengi humwagilia kwa jinsi chumba kinavyoonekana. Chini ya zambarau, mwagilia kwa kidole kwenye udongo.

*Giza.* Kama nyeupe. Ila kwa kuwa huuzwa kwa sifa ya kukuza, watu huziacha zikiwaka saa 18, wengine saa 24. Kwa miche ya kuhamisha shambani hilo lina mantiki yake. Kwa ua la mapambo litakalokwenda kukaa dirishani kwa mtu, punguza hadi 12 au 14 angalau wiki mbili kabla ya kuliuza, ili majani mapya yakue yakijua usiku.

*Umeme.* Kwa mwanga ule ule unaotumiwa na mmea, inabana matumizi vizuri.

*Macho.* Hapa ndipo inaponikera. Jani la kijani chini ya zambarau linaonekana jeusi. Huoni njano ya upungufu wa chuma, huoni madoa, huoni utitiri mpaka umeshasambaa. Ukiitumia, zoea kuizima na kuwasha tochi nyeupe kila unapokagua. Programu ya simu ya kupima luksi nayo isikudanganye: luksi hupimwa kwa jinsi jicho la mtu linavyoona, na jicho letu halishughuliki sana na bluu wala nyekundu hiyo. Itakusomea namba ndogo wakati mmea unapata mwanga wa kutosha.

Inamfaa mwenye rafu za miche katika chumba kisichokaliwa na watu, anayetaka mimea mifupi, na aliye tayari kukagua kwa tochi. Mapokezi ya hoteli hapana, mgeni ametoka kupanda Kilimanjaro, mwache apumzishe macho.

Taa ya sodiamu

Hii ndiyo iliyotawala vitalu nyumba vya Ulaya Kaskazini kwa miongo mingi, na sifa zake zilijengwa huko, kwenye giza la Desemba. Kwa mtu wa nyuzi 3 na kitu kusini mwa Ikweta swali la kwanza ni kama anaihitaji kabisa. Mashamba mengi ya waridi ukanda wetu hutegemea jua.

*Bluu.* Takriban asilimia 5 tu. Mwanga wake ni wa njano na chungwa. Katika ulinganisho wa waridi, yaliyokuzwa chini ya LED yenye bluu sehemu moja ya tano yalifungua stomata zaidi kuliko yale ya sodiamu, na yakawa mafupi zaidi.

*Joto na ukavu.* Hapa mambo yanageuka. Unaweza kudhani bluu ikiwa kidogo, maji nayo yatatoka kidogo. Lakini sodiamu inamwaga joto jingi kuelekea kwenye jani. Jani likiwa na joto kuliko hewa iliyolizunguka, mvuke unavutwa kwa nguvu zaidi kupitia kitundu hata kama kitundu chenyewe hakijafunguka sana. Chungu kinakauka. Usiku wa Julai huko Ngaramtoni au Ilboru joto hilo ni neema, na linaweza kukuokolea gharama ya kupasha joto kitalu. Moshi mjini ni adhabu.

*Giza.* Haipendi kuwashwa na kuzimwa. Ikizimika ikiwa moto, inataka ipoe dakika kadhaa ndipo iwake tena, na inachukua dakika nyingine kufika nguvu kamili. Umeme ukicheza, stomata zinaanza kufumba, zinaanza kufunguka, zinafumba tena.

*Umeme.* Taa moja ya wati 400 ikiwaka saa 10 ni uniti 4 kwa siku, uniti 120 kwa mwezi, na balasti, kile kifaa kinachoiendesha taa, hujaihesabu. Mteja wa nyumbani aliyeko kwenye daraja la TANESCO la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi atatolewa humo na taa moja tu.

*Macho.* Kila kitu kinakuwa rangi ya chungwa. Nafuu kidogo kuliko zambarau, lakini jani lenye njano na jani lenye afya yanafanana. Kipima luksi hapa kinadanganya upande wa pili: kwa kiwango kile kile cha mwanga unaotumika na mmea, jua husomeka kama luksi 54 na sodiamu kama 82.

Inamfaa mwenye kitalu nyumba kikubwa chenye dari ya juu, mahali pa baridi, mwenye umeme wa uhakika na aliyeipata kwa bei ya kutupa. Wengine wapite.

Tyubu

Tyubu za gesi zina bluu ya kutosha, hasa nyeupe ya baridi, joto la wastani, na mwanga uliotawanyika vizuri. Wapenzi wa saintpaulia huko Marekani walizikuzia maua yao kwa miaka mingi kwenye rafu za ndani, saa 12 hadi 14 kwa siku, na hawakuwa na la kulalamika. Zinakula umeme zaidi ya LED, nguvu yake inapungua kadiri zinavyozeeka hata kama jicho halioni, na zikivunjika zina zebaki. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuziondoa sokoni ifikapo 2027. Kama unazo na zinawaka, zitumie mpaka zife. Kununua mpya sioni sababu.

Pahali pamoja ambapo utazikuta bado ni maabara za kuzalisha miche kwenye chupa. Miche hiyo hukulia katika unyevu wa karibu asilimia 100, na ikitolewa stomata zake nyingi hazifungi. Kosa hapo ni la chupa kuliko la tyubu, lakini ukinunua anthurium au okidi ya namna hiyo, ifunike mfuko wa plastiki na uwe unaufungua kidogo zaidi kila siku, kwa wiki mbili hivi.

Kupima mwenyewe

Unahitaji rangi ya kucha ile ang'avu isiyo na rangi, selotepu, na hadubini ya shule inayokuza mara 400. Paka rangi upande wa chini wa jani, eneo dogo la ukubwa wa ukucha. Ikikauka kabisa, bandika selotepu juu yake, ibandue taratibu, kisha ibandike kwenye kioo. Utaona midomo iliyotawanyika kati ya seli zenye kingo za mawimbi. Anza na tradescantia, ile ya majani yenye mistari ya zambarau na fedha inayotambaa kwenye vyungu vya kuning'inia, kwa sababu stomata zake ni kubwa na kila moja imezungukwa na seli zilizopangika vizuri. Chukua chapa moja saa mbili baada ya taa kuwaka, nyingine saa moja baada ya kuzimwa. Ya kwanza iwe midomo iliyo wazi, ya pili iwe mistari. Zikifanana, zote wazi, mmea huo haujui usiku.

Asiye na hadubini atumie mizani ya kidijitali ya jikoni. Mwagilia chungu, kifunge na mfuko wa plastiki kuzunguka shina ili udongo usitoe mvuke, kisha kipime wakati wa kuwasha taa, wakati wa kuzima, na asubuhi. Upungufu wote ni wa majani. Kwa masale, usiku unapaswa kuwa sehemu ndogo tu ya mchana. Kwa sansevieria iliyoshiba mwanga na isiyomwagiliwa kupita kiasi, tegemea kinyume. Waridi la chungu linalopoteza usiku karibu sawa na mchana usilipeleke kwa mteja bado.

Kwa hali yako

Nyumba ya Arusha yenye giza la Juni hadi Agosti, maua mchanganyiko: tyubu ya LED ya 4000K hadi 6500K, sentimita 30 juu ya majani, saa 12, kisha giza la kweli. Taa ya sebule ikibaki inawaka hadi saa tano usiku kwa sababu ya televisheni, ihesabu kwenye saa zako, hasa iliyo karibu na chungu.

Mapokezi ya hoteli Moshi: LED nyeupe ya 3000K inayoelekezwa kwenye mimea, kwa sababu wageni wanaipenda na bluu yake inatosha masale na sansevieria. Tatizo la mapokezi ni kwamba taa hazizimwi. Weka mimea seti mbili zinazobadilishana, moja ikae mapokezi na nyingine ipumzike chumba chenye usiku, au tenga laini ya taa za mimea na uziwekee taima.

Kitalu cha vipandikizi cha kuuza, mfano kando ya barabara ya Moshi–Arusha huko Tengeru: nyeupe au zambarau zote zinafaa, chagua kwa kuuliza nani anakagua magonjwa na kwa macho gani. Wakati wa kuotesha mizizi unyevu lazima uwe juu. Baada ya hapo, kila siku kwa saa chache acha hewa ikauke hadi asilimia 60 hivi na hakikisha pana usiku. Majani yatakayochipua hapo ndiyo yatakayofunga yakifika kwa mteja.

Mwenye krisanthemamu mama, zile za kukatia vipandikizi, anayetaka zisichanue: hapo taa ina kazi nyingine kabisa, kuvunja usiku mrefu ili mmea usihesabu kwamba msimu wa maua umefika. Mwanga hafifu wa saa chache katikati ya usiku unatosha, na mwekundu ndio unaofanya kazi hiyo vizuri. Balbu za LED nyekundu zina faida ya kutoziamsha stomata usiku, kwa kuwa hazina bluu na nguvu yake ni ndogo mno kuendesha usanisinuru. Balbu za zamani za waya nazo hufanya kazi, ila sehemu kubwa ya umeme wake inaishia kuwa joto.

Mkulima wa waridi la kukata: tumia jua. Ukilazimika kuongeza taa kwenye miezi ya mawingu, LED yenye bluu ya kutosha, jumla ya jua na taa isizidi saa 16, na usiku upitishe hewa kitaluni ili unyevu usibaki asilimia 90 hadi alfajiri.

Na mwenye poinsetia kando ya uzio inayokataa kuwa nyekundu, angalia taa ya ulinzi kabla ya kulaumu udongo. Mmea huo unahitaji usiku mrefu usiokatizwa. Igeuze taa ielekee getini, au ifungie kifaa cha kuiwasha mtu akipita tu.